MANDAZI YA ALFAJIRI NA MAYAI YA KUKAANGA
Jinsi tulivyoipunguzia mzigo seva ya chama

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri aliponitaka niandike somo la kompyuta kwa Kiswahili, wenzangu darasani waliangua kicheko, ati maneno yangeniishia kwenye aya ya pili. Basi nakuomba unifuate polepole, maana jambo ninalotaka kulieleza lilitutesa sote muhula wa pili na wengi hawakuujua ugonjwa wenyewe. Nataka kueleza namna ya kuweka proksi ya kinyume mbele ya seva ili faili zimfikie msomaji upesi. Jina hilo lisikutishe, tutalifikia.

Wengi wenu mnaijua maktaba ya chama. Ni kompyuta moja kuukuu, au tarakilishi kama anavyosisitiza mwalimu wetu mlezi, iliyowekwa kwenye kona ya maabara chini ya dirisha. Haiko kwenye intaneti. Inafikiwa kwa waya na kwa Wi-Fi ya shule peke yake, ndiyo maana hakuna anayehitaji bando. Ndani yake mna maswali ya marudio yaliyotungwa na walimu wetu, insha bora za miaka iliyopita, picha za ziara za chama, sauti za wanachama wakighani mashairi yao, na tangu muhula wa pili, ukurasa ambapo kila mwanafunzi huingia kwa nambari yake ya usajili akaziona alama zake za Kiswahili. Programu inayoendesha haya yote niliiandika mwenyewe kwa lugha ya Python, nikisaidiwa na mtunza maabara. Nilitembea kifua mbele kama jogoo.

Sisi ni wa shule ya kutwa. Kengele ya jioni ikilia kila mtu hushika njia ya kwao, na wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Maabara hufunguliwa saa ya chakula cha mchana na dakika arobaini baada ya masomo. Ukikosa kuinakili faili yako kwenye flashi wakati huo, umeikosa hadi kesho.

Wiki moja kabla ya mtihani wa mwigo, mwalimu aliweka kijitabu cha marudio ya karatasi ya tatu, ile ya fasihi. Kilikuwa faili moja ya megabaiti 6, kwa sababu kurasa zake zilikuwa zimepigwa picha. Jioni hiyo watahiniwa wa kidato cha nne walimiminika, yapata arobaini, wengine kwenye kompyuta za maabara, wengine wakiwa na vishikwambi vya shule kule maktabani ng'ambo ya uwanja. Wote wakabonyeza. Kila kitu kikaganda. Wachache waliofanikiwa walipata nusu ya faili; wakijaribu kuifungua wanaambiwa imeharibika. Kiranja mmoja akanigeukia, "We dogo, hii kitu yako imekwama. Sisi tunaenda nyumbani saa hizi, unataka tusome nini usiku?" Sikuwa na la kumjibu. Kengele ikalia, wakaondoka mikono mitupu, nami nikabaki nikiutazama ule mstari wa kupakua uliosimama tisti.

Usiku ule niliamua moyoni kwamba kompyuta ni nzee, inunuliwe nyingine. Asubuhi mtunza maabara akanituliza. "Kabla hujaenda kuomba pesa, piga hesabu kwanza." Tukapiga. Waya wetu hubeba megabiti 100 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 12. Watu 40 wakitaka megabaiti 6 kila mmoja, jumla ni megabaiti 240. Gawanya kwa 12, unapata sekunde 20. Hata tukiwahurumia wale wa Wi-Fi tukawapa dakika kadhaa, bado hatufiki dakika arobaini. Kwa hivyo waya hauna hatia. Diski nayo haina hatia, maana faili ni moja tu, ikisomwa mara ya kwanza hubaki kwenye kumbukumbu.

Tulipolifungua daftari la matukio, ule ugonjwa ukajitokeza. Programu yangu ilikuwa ikiendeshwa na Gunicorn kwa mfanyakazi mmoja, kwani ndivyo inavyokuja usipoigusa, na mfanyakazi wa aina hiyo hushika ombi moja hadi liishe ndipo ashike jingine. Kishikwambi kimoja kule maktabani, kinachopata Wi-Fi ya kudonoadonoa, kilipoomba kijitabu, mfanyakazi alisimama hapo akikimiminia tone kwa tone kama mtu anayejaza mtungi kwa kijiko. Wengine thelathini na tisa wakawa foleni nyuma yake. Baya zaidi ni kwamba mfanyakazi asipotoa ishara ya uhai kwa sekunde 30, Gunicorn humhesabu kuwa amekufa, humwondoa na kumwajiri mwingine. Ndipo faili zilipokuwa zikikatika. Yaani mfanyakazi alikuwa akiuawa katikati ya kazi, naye hakuwa na kosa ila kumngoja msomaji mwenye mtandao wa kobe.

Utauliza, si ungeongeza wafanyakazi? Ningeweza. Lakini kila mmoja huja na programu nzima ya Python kwenye kumbukumbu, na vishikwambi vinne vya kobe vingetosha kuwafunga wafanyakazi wanne.

Sasa hebu toka nje ya lango nikuonyeshe dawa. Mama anayetuuzia chai hukaanga mandazi alfajiri, akayafunika kwenye beseni. Baada ya hapo kutwa nzima yuko nyuma na kikaango, akikaanga mayai jinsi kila mteja atakavyo: huyu hataki kitunguu, yule anataka pilipili. Mbele, mezani, husimama binti yake. Ukitaka mandazi mawili, binti hufunua beseni akakupa; hamwiti mama. Ukitaka mayai, binti hupokea agizo, hulipeleka nyuma, na yakiiva hukuletea. Wewe huna haja hata ya kumwona aliyekaanga. Na ukianza kupekua mfuko ukitafuta sarafu, binti hasimami akikukodolea macho. Humhudumia mwingine, na ukizipata sarafu hukurudia.

Mandazi ndiyo tunayoyaita faili tuli: picha, sauti, vijitabu, vitu vilivyokwisha tengenezwa na ambavyo ni vilevile kwa kila mtu. Mayai ni kama ukurasa wa alama, unaotengenezwa papo hapo kwa ajili ya mtu fulani. Kibanda changu kilikosa binti. Mama mwenyewe alikuwa akiacha kikaango kila mara kuja kuuza andazi moja, na mteja akichelewa kulipa, mayai yanaungua.

Tuje kwenye jina. Proksi ni wakala. Ile ya kawaida husimama upande wa wateja, kama shule inavyoweza kupitisha maombi yote ya wanafunzi kwenye kompyuta moja kabla hayajatoka kwenda kwenye intaneti. Seva ya mbali huiona hiyo moja, haijui ni mwanafunzi yupi aliyeomba. Ya kinyume husimama upande wa pili, mbele ya seva, na hapo asiyejua ni mteja: hajui ni nani huko nyuma aliyempikia. Basi ni hayo tu. Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe.

Tulitumia programu ya bure iitwayo Nginx, ambayo hutamkwa "enjini-eksi". Aliyeiandika ni Igor Sysoev, Mrusi, aliyeianza mwaka 2002 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Rambler, akaitoa hadharani mwaka 2004. Miaka michache kabla yake, mwaka 1999, Mmarekani Dan Kegel alikuwa ameuliza swali lililowasumbua mafundi wengi: kompyuta moja itawezaje kuwahudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja? Apache, seva iliyotoka mwaka 1995 na kutamba sana wakati huo, ilizoea kumtengea kila mteja mhudumu wake. Wateja elfu kumi, wahudumu elfu kumi, kumbukumbu inakwisha. Sysoev alifuata njia ya yule binti. Mfanyakazi mmoja wa Nginx hushika maelfu ya wateja, hamngojei yeyote, bali huenda kwa yule aliye tayari kupokea kipande kinachofuata.

Usanidi wetu haukufika mistari ishirini. Nginx ilichukua mlango wa 80, ambao ndio vivinjari hubisha, na programu yangu ikahamishiwa nyuma kwenye mlango wa 8000. Kisha nikaandika kwamba anwani yoyote inayoanza na /faili/ ichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye folda ya diski, na nyingine zote zipelekwe nyuma. Ukiona mambo yanaenda, utashangaa kwa nini hukufanya hivyo tangu mwanzo.

Hapa kuna mambo matamu ambayo sitaki uyapite mbio. La kwanza ni amri iitwayo sendfile. Programu yangu ya Python ilikuwa ikichota kipande cha faili kutoka kwa mfumo wa kompyuta, inakiweka mapajani mwake, halafu inakirudisha kwa mfumo uleule ili kitumwe. Kazi ya bure! Kwa sendfile, Nginx huuambia mfumo: itoe faili hii uitume kwa yule. Haipiti tena mikononi mwa programu. Lingine ni kwamba hata majibu ya Python yenyewe yalipata nafuu. Nginx hulipokea jibu lote haraka kutoka nyuma, ikaliweka, halafu yenyewe ndiyo inayohangaika na mwenye Wi-Fi mbovu. Mayai yakiiva huwekwa kwenye sahani mezani. Mama hamngoji mteja amalize kutafuna.

Tena kuna hali ambapo hakuna haja ya kutuma kitu. Kivinjari kilichokwisha pata picha ya nembo ya chama jana, leo huuliza kama imebadilika. Nginx hutazama tarehe ya faili na alama yake, ikajibu kwa namba 304, maana yake "haijabadilika, tumia uliyo nayo". Jibu hilo ni dogo sana kuliko picha yenyewe. Kurasa za maandishi nazo tulizifinya kabla ya kuzituma, na zikapungua sana. Lakini usijaribu kufinya picha za JPEG wala PDF iliyojaa picha. Hizo zimekwisha finywa, ni kama kurudia kukamua muwa uliobaki makapi. Utaichosha kompyuta kwa tone moja.

Siku iliyofuata, saa ya chakula, watahiniwa walirudi. Mimi nilijibanza karibu na mlango ili ikibidi nikimbie. Kijitabu kikatoka, kikatoka tena, flashi zikajaa. Kishikwambi cha kobe kilichukua muda wake uleule, maana Nginx haiwezi kuipa Wi-Fi nguvu isiyokuwa nayo, ila safari hii hakuna aliyekuwa akikingoja. Kiranja wangu alinipiga kibao cha bega, akasema, "Sasa wewe ni mtu."

Ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya.

Sifa zilinipanda kichwani. Nilikuwa nimesoma kwamba Nginx inaweza pia kuweka akiba ya majibu yanayotoka kwa programu: ikipata jibu mara moja hulihifadhi, na anayefuata hupewa hilo bila kumsumbua mama. Wengi walikuwa wakiingia kutazama alama za mwigo, nami nikataka ukurasa huo nao uende kama umeme. Nikajaribu, akiba ikakataa. Kumbe Nginx kwa kawaida hukataa kuhifadhi jibu linaloambatana na kuki, kile kijikaratasi ambacho seva humpa mgeni ili imtambue akirudi. Lile lilikuwa onyo. Badala ya kujiuliza kwa nini nilionywa, nikaandika amri ya kuipuuzisha, ya kuki na ya maonyo mengine yote, na kila jibu likawekwa kwa dakika kumi.

Sasa fikiri. Akiba huutambua ukurasa kwa anwani yake. Anwani ya ukurasa wa alama ni moja kwa shule nzima. Programu ndiyo huitazama kuki ili ijue aliyeingia ni nani. Nami nilikuwa nimeiondoa programu njiani. Aliyeingia wa kwanza saa saba mchana alikuwa msichana mmoja wa kidato cha nne. Ukurasa wake ukahifadhiwa. Kwa dakika kumi zilizofuata, kila aliyeingia kwa nambari yake mwenyewe alionyeshwa jina na alama za yule msichana.

Mvulana mmoja akazisoma kwa sauti. Hazikuwa alama nzuri. Maabara ikacheka, naye alikuwa palepale, kompyuta ya tatu kutoka dirishani. Aliinuka akatoka bila kuchukua mkoba wake. Mimi niliuchomoa waya wa seva kwa mkono, kwa sababu sikukumbuka amri ya kuizima.

Mwalimu mlezi aliniita ofisini. Hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 katika nchi yetu, na kwamba alama za mwanafunzi ni siri yake na ya wanaomfundisha. Halafu akaniuliza, "Kijana wangu, ulimwomba nani ruhusa ya kuipa Nginx alama?" Nilikwenda kumwomba msamaha yule dada jioni hiyo, mbele ya mwalimu. Alinisikiliza. Aliniambia kwamba mama yake alikuwa hajui bado, na sasa atajua kupitia kwa jirani. Nikasema pole. Akasema ameisikia. Mpaka leo nikimpisha njiani ananijibu salamu, lakini hajarudi kwenye maktaba ya chama. Nakala zake humchukulia rafiki yake.

Nilipoiwasha tena seva nilibadili utaratibu. Hapo mwanzo kila kitu kilihifadhiwa isipokuwa nilichokikataza. Sasa hakuna kinachohifadhiwa isipokuwa nilichokitaja kwa jina, na kabla ya kukitaja najiuliza: je, mwanafunzi wa kidato cha kwanza na mwalimu mkuu wakikifungua, wataona kitu kilekile? Ikiwa ndiyo, hilo ni andazi. Ikiwa la, linakwenda jikoni hata kama jikoni kuna foleni. Isitoshe, programu sasa huandika kwenye kichwa cha jibu la alama neno no-store, yaani lisiwekwe popote, wala kwenye Nginx wala kwenye kivinjari cha kompyuta inayotumiwa na watu kumi kwa siku.

Kuna vitu vya katikati. Miongozo ya kusahihisha ni faili tuli kabisa, lakini haistahili kuonwa na mwanafunzi. Nikiiweka kwenye /faili/ kila mtu ataichukua. Nikiirudisha kwa Python tutarudi kwenye foleni. Dawa yake naipenda kuliko zote. Ombi huenda kwanza kwa programu, nayo hutazama kama aliyeomba ni mwalimu. Akiwa mwalimu, programu haitumi faili. Hujibu tu kwa kichwa kiitwacho X-Accel-Redirect, kinachoiambia Nginx ichukue faili fulani kutoka folda ya ndani ambayo hakuna mteja anayeweza kuiomba moja kwa moja. Ni kama mama anayechungulia kutoka jikoni akasema, "Huyo namjua, mpe sahani iliyo kabatini." Mama ameamua, binti amebeba.

Niliteleza mara nyingine, ingawa hii haikumuumiza mtu. Mwalimu alisahihisha kosa katika swali la saba la kijitabu, akaweka faili mpya kwa jina lilelile, wanafunzi wakaendelea kuliona kosa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeviambia vivinjari vikae na faili zetu siku 30 bila kuuliza. Huwezi kuzirudisha nakala zilizokwisha ingia kwenye mashine za watu. Tangu hapo faili ikibadilika hupewa jina jipya, kijitabu-1 ikawa kijitabu-2, na ukurasa wa orodha ndio usiowekwa akiba.

Mwenye nia ya kujaribu kwao aangalie pia mkwaju wa mwisho. Ukiandika anwani /faili bila mkwaju mwishoni huku folda unayoielekeza kwa amri ya alias ina mkwaju, mjanja anaweza kuomba /faili../ akapanda folda moja juu, na huko kwetu juu ndiko lilikokaa daftari la nywila. Mtunza maabara aliliona kabla ya wengine. Nilimnunulia soda.

Kwa sasa seva iko hewani, na dirisha lililo juu yake limezibwa kwa turubai kabla mvua hazijaanza. Sauti za mashairi ya mwaka jana bado hazijaingizwa zote. Kumi na nne ziko kwenye simu ya mwalimu. Anayetaka kuusoma ule usanidi mstari kwa mstari aje maabara Alhamisi saa ya chakula, aje na flashi, na tafadhali aje ameshakula, kwa maana mtunza maabara hataki makombo ya mandazi kwenye kibodi.